Karibu, Mteja

Mimi si mtu wa kinyaa. Kazi yangu haina nafasi hiyo. Nimewahi kumvuta dereva kutoka chini ya magogo ya misonobari yaliyomwagika kwenye mteremko wa Kitonga, nikarudi kituoni, nikanawa, nikala ugali na maharage huku nabishana na wenzangu habari za mpira. Mama yangu aliwahi kuniuliza nawezaje, nikamjibu kwamba mkono huzoea kabla ya moyo. Kwa hiyo ninaposema kuna sauti moja ya kike, laini, yenye adabu zote za dunia, ambayo nikiikumbuka mate yananijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika, nisidhaniwe nadeka.

Ilikuwa sauti ya mashine ya alama za vidole.

Kikosi chetu cha uokoaji ni cha kampuni binafsi, Mbeya, pembeni ya barabara kuu iendayo Zambia. Wenye maghala, viwanda na malori hulipia huduma, nasi tukiitwa tunakwenda: moto, ajali, gari lililozama mtoni. Nilipoingia nilikuwa mwanamke peke yangu, na wengi waliniangalia kama mgeni aliyekosea mlango. Aliyenifundisha kazi ni kaka mmoja, mwenyeji wa Kilolo kule Iringa. Si kaka wa tumbo moja. Kikosini aliyekutangulia ni kaka, basi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ndani ya moshi usiokuonyesha hata pua yako, hupapasi ukuta kwa kiganja. Unatanguliza mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikigusa waya wenye umeme vidole vinajifunga, na hapo ndipo mtu anaposhikwa na ukuta badala ya yeye kuushika. Alinirudisha mlangoni mara nyingi hadi mkono ukajigeuza wenyewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila baada ya miezi kadhaa aliomba ruhusa kwenda kumwona mama yake Kilolo, akarudi na njegere na viazi vya kutugawia, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Bosi wetu alikuwa mtu wa semina. Kila alikotoka alirudi na jambo. Safari moja alirudi na habari kwamba watu wanasainiana kazini, mmoja amelala kwake na mwenzake anamwandikia kafika, na kwamba dawa yake ni kidole. Kidole hakidanganyi, alisema, akatuonyesha cha kwake, kama kuna aliyekuwa hajawahi kukiona kidole.

Mashine ikaja na fundi wake. Ilikuwa nyeusi, ina kioo kidogo cha kuwekea dole gumba na skrini ukubwa wa sahani, na haikuwa mpya. Fundi mwenyewe alijisifu kwamba ameipata mnadani, baada ya mradi mmoja wa afya kufunga virago. Eti mali ya wafadhili hiyo, haifi leo wala kesho. Hakuna aliyemuuliza ndani yake kuna nini. Hata mimi niliitazama kama ninavyotazama friji la mtumba: linapoza au halipozi?

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ile ya Mbeya ya kukunja vidole. Tulijipanga uani, bosi amesimama pembeni kwa koti lake refu. Unaweka dole gumba, mashine inasema, "Kidole hakijasajiliwa. Tafadhali rudia." Unarudia, fundi anabonyeza huku na huku, anaandika jina lako, umekwisha. Ikawa mchezo. Dereva wetu, mwenye mdomo usiojua likizo, ilimkataa mara kadhaa kwa sababu ya grisi, akaigombeza kwa Kinyakyusa kisha akaiomba radhi. Tulicheka. Ile sauti ilikuwa ya kiungwana mno kwa uwanja wetu wenye matope na paipu zilizolala kama majoka.

Kaka alikuwa mwisho wa foleni. Kila aliyefika nyuma yake alimpisha. Nilidhani ni ustaarabu wake wa kawaida. Zamu yake ilipofika akauliza, "Bosi, mimi siwezi kusaini tu kama zamani?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Vidole vyangu vimechunika na paipu."

"Vya wote vimechunika," bosi akasema. "Anayeogopa kidole chake ana lake jambo. Weka hapo tuendelee na kazi."

Akaweka.

"Karibu, mteja," mashine ikasema. "Tafadhali subiri kuitwa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sisi wote tulikuwa hatujasajiliwa, yeye kakaribishwa! Dereva akabana pua akaiga ile sauti ya simu tunayoijua wote: "Mteja wa namba unayopiga kwa sasa hapatikani!" Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Mimi kicheko kilikwama. Neno hilo nilikuwa nalifahamu kutoka mahali pengine. Kwa miaka nilimsindikiza shangazi yangu kliniki, Iringa mjini, kuchukua dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, hadi Mungu alipomchukua kwa ugonjwa mwingine kabisa. Pale dirishani wahudumu hawasemi mgonjwa. Wamefundishwa kusema mteja, ili mtu asijione kachafuka. Shangazi alilipenda. Alisema tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita mteja isipokuwa alipokuwa na hela ya kununua kitu. Ni neno lililochaguliwa kwa huruma, kumsitiri mtu, na sasa lilikuwa linatembea uani kwetu bila nguo.

Nikamtazama kaka. Dole gumba lake lilikuwa bado juu ya kioo. Hakuliondoa. Nadhani alifikiri akitulia kabisa, kila kitu kitatulia naye.

"Hebu fungua tuone," bosi akamwambia fundi. "Huyu kasajiliwa na nani?"

Ningeweza kumsamehe fundi kama angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa na furaha ya fundi ambaye chombo chake kimefanya kitu mbele ya watu. Akabonyeza, akaigeuza skrini kwetu ili tuone vizuri, akaanza kusoma kwa sauti kama mtoto anayesomeshwa ubaoni. Jina lake. Wilaya ya Kilolo. Picha yake ikatokea, amekonda, macho makubwa, shati ambalo hatukuwahi kumwona nalo. Jina la kliniki. Tarehe ya kuanza dawa. Hapo fundi akanyamaza, lakini tayari tulikuwa tunasoma wenyewe.

Kicheko kina tabia moja mbaya: hakikomi kwa wote pamoja. Walioelewa haraka walinyamaza haraka, na nyuma kuna mmoja aliendelea kucheka peke yake hadi akagundua yuko peke yake. Kisha bosi akasema, kwa sauti ileile ya kuagizia chai:

"Haya, funga hiyo. Nani anafuata?"

Nani anafuata. Nimekaa na maneno hayo mawili kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Mtu kavuliwa nguo mbele ya wenzake, naye anauliza foleni.

Aliyefuata ni mlinzi wa getini, aliyekuwa amechelewa. Alisogea, na kabla ya kuweka kidole akavuta mkono wa sweta lake akakifuta kile kioo. Akakifuta vizuri, mara mbili, akakikagua. Ndipo akaweka. Kaka alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale.

Watu hufikiri siri ikitoka huja kelele. Kwetu haikuja kelele. Kilichokuja ni vikombe.

Sisi wa moshi tuna desturi yetu. Tukitoka kwenye moto, kabla hata ya kuvua buti, tunakunywa maziwa. Tunaamini yanaosha moshi kifuani. Daktari mmoja alishatuambia ni imani tu, tukamwitikia ndiyo daktari, tukaendelea kunywa. Yaliletwa na mama mmoja Msukuma ambaye watu wake wana ng'ombe Usangu, na tulikunywa wote kwa jagi moja la bati, linazunguka mkono kwa mkono, aliyekuwa ndani zaidi ya moto anaanza. Mara nyingi aliyeanza ni kaka. Wiki ile tukapigana na moto kwenye ghala la mpunga, tukarudi weusi kama masufuria, na nilipogeuka nikaona kila mtu ametoa kikombe chake mfukoni. Kila mmoja! Havikuwa vimenunuliwa kwa mkutano. Kila mtu alifikiri peke yake, akaenda sokoni peke yake, wakarudi wote na wazo moja. Watu hawa hawakuwahi kuelewana haraka hivyo hata kwenye ajali.

Jagi likabaki mezani mbele ya kaka. Nililichukua baada yake, nikanywa kwa mdomo, nikahakikisha wote wananiona. Akanisubiri tukabaki wawili.

"Dada," akasema, "usinifanyie maonyesho."

"Nimekunywa maziwa tu, kaka."

"Umekunywa ukiwaangalia wao. Siku zote ulikuwa unakunywa ukiangalia jagi."

Alikuwa amesema kweli.

Zikafuata barakoa za hewa, zile tunazovaa na mtungi mgongoni. Tunazo chache, ukitoka unampa mwenzako, anaipangusa, anaingia. Siku moja nikakuta moja imepakwa rangi nyekundu ubavuni. Nilipouliza nikaambiwa ni mambo ya usafi. Hawa ni watu ambao wamefundishwa, kwa semina na kwa picha ukutani, jinsi virusi hivyo vinavyoambukizwa na jinsi visivyoambukizwa. Wanaijua kama wanavyojua namba zao za simu. Nilitamani wawe wajinga, ningewaonea huruma. Lakini walijua, na rangi wakapaka.

Na jina. Dereva aliapa kwamba ni utani, kwamba angemwita hivyo hata kama skrini isingefunguliwa. Ikawa hata kwenye simu ya upepo: "Mteja, Mteja, unanipata?" Vijana wapya walimwita jina hilo bila kujua lilikotoka, wakadhani labda alikuwa na duka. Yeye alijibu, "Nakupata." Angefanyaje? Kuna mtu anaungua upande wa pili.

Aliomba kitu kimoja tu. Hakuomba fidia, hakuomba mtu afukuzwe, wala hakuomba aombwe radhi. Aliomba kidole chake kifutwe kwenye mashine. Tulikwenda ofisini pamoja, mimi kama shahidi, na fundi akaitwa.

"Bosi, naomba mnifutie," akasema. "Nitasaini kwa kalamu. Nitakuja wa kwanza kila siku, mnione kwa macho."

"Ndugu yangu, hizo ni data," bosi akasema, na alilitamka neno hilo kama mchungaji anavyotamka Maandiko. "Zikishaingia ni mali ya kampuni."

"Hazikuingilia kwenu. Zilikuja zikiwa humo."

Bosi akamgeukia fundi. Fundi akakuna kichwa. Akasema taarifa za zamani zimeshikana na zetu. Akimfuta huyu mmoja, mfumo unadai afute wote, aanze upya kumsajili kila mtu.

"Basi anza upya," nikasema mimi. "Ni asubuhi moja tu."

Bosi akanitazama kwa mshangao wa kweli, mshangao safi kabisa, usio na chuki ndani yake. "Kwa ajili ya mtu mmoja?"

Tunavunja milango kwa ajili ya mtu mmoja. Tunafunga barabara kuu, malori yanasimama hadi Uyole, kwa ajili ya mtu mmoja aliyebanwa miguu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, haina nyingine ndani yake. Nilisimama pale nikihisi harufu ya zulia la ofisi ile na marashi ya bosi, na kichefuchefu kikanipanda kweli, si cha kusimulia. Nikatoka nje kupumua.

Namba ya siri ukiibiwa unaibadilisha. Kadi ikipotea unapewa nyingine. Kidole unakwenda kubadilisha kwa nani? Na kidole hichohicho ndicho kimesajili laini ya simu, ndicho kiko kwenye kitambulisho. Mtu anakuwa na mlango mmoja tu wa nyumba yake, na ufunguo wake wameshatengeneza nakala wasiomjua. Hayo sikuwahi kuyafikiria kabla. Nilikuwa nimeweka dole langu asubuhi ile kwa kicheko, na liko mle hadi leo.

Jibu la kampuni lilikuja kama wema. Wakamhamishia kituo chetu kidogo cha Iringa, awe karibu na nyumbani, apumzike na maneno. Iringa! Mtu aliyekaa Mbeya miaka yote hiyo ili Iringa iwe ya dawa na ya mama yake, na isiwe na macho ya kazini. Na bosi, kwa huruma zake, alipiga simu mapema kumwambia msimamizi wa kule ampokee vizuri, ana hali yake. Hata begi lake lilikuwa halijafika, hali yake ilikwishafika. Alikuta kikombe chake kimetengwa, kipya, kizuri, kimeandikwa jina.

Aliacha kazi bila kuaga. Nilipata ujumbe mfupi kwenye simu: kofia ameiacha mezani, buti ni za kampuni, niwasalimie wenzetu. Sikuwasalimia.

Muda ukapita, nikasikia yuko Mafinga, kwenye kiwanda cha mbao. Juzi tulipotoka kwenye ajali ya lori upande huo niliomba dereva, mwingine sasa, asimame kidogo. Kiwandani wakaniambia ameshaondoka, muulize kwa mafundi seremala nyuma ya soko. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati anapiga randa kitanda, vumbi la msonobari limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa na afya. Mashavu yalikuwa yamejaa kuliko tulipokuwa naye.

"Kamwene," nikamsalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, dada. Umekonda wewe sasa."

Tulikaa juu ya mbao. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na msumeno wa jirani ulitulazimisha kusema kwa vipande. Nikamuuliza kiwandani kulikuwa na nini.

"Walileta mashine."

"Ileile?"

"Sikuisubiri kujua. Nilikuwa kwenye foleni, nikasikia mtu wa mbele anaambiwa aweke kidole. Nikatoka kama naenda msalani." Akacheka kidogo. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Na dawa?"

"Nameza. Zile siachi, dada, usiogope. Kule Kilolo muuguzi anamjua mama, ananipa kwa kadi. Lakini naye kaniambia kidole kinarudi hata kliniki, wameshaandikiwa barua." Akanyoosha mkono wake wa kulia akanionyesha dole gumba. Lilikuwa laini, linang'aa kama kijiko kilichosuguliwa. "Msasa huu. Ukishika mbao kutwa nzima mistari inakwisha yenyewe. Mingine namalizia. Fundi mmoja kasema inarudi, lakini mimi kila siku niko na msasa."

Alikuwa anafurahi. Mtu aliyenifundisha mkono unavyookoa mtu gizani alikuwa amekaa pale anafurahi kwamba mkono wake unafutika. Nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuipokea pale, isipokuwa yeye, na yeye hakustahili. Nikakishika kile kidole, nikakirudisha polepole juu ya goti lake.

Dereva akapiga honi. Nikasimama, yeye akasimama, akajipangusa vumbi. Kisha akasema bila kuniangalia, akikagua makali ya randa:

"Dada, barabara ni hii moja, na mimi napanda malori. Siku mkiniokota hapo chini sijitambui, fanyeni yote mnayofanya. Nikateni nguo, nikateni mguu kama itabidi. Ila kidole msiwaachie wanishike. Nife tu sina jina, mama atanitafuta mwenyewe."

"Hakuna atakayekishika," nikasema.

"Niahidi."

Nikamwahidi. Nikatembea hadi kwenye gari, nikapanda, nikafunga mkanda. Mbele yangu, kwenye droo ya bandeji, kilikuwepo kidude kipya cha mkononi ambacho kampuni ilituletea kwa ajili ya majeruhi wasiojitambua, ili tuwabonyeze kidole tujue ni akina nani kabla hatujafika hospitali, na katika gari letu aliyepewa kazi ya kukishika ni mimi.